Kaka aliyenyamaza miaka 23: George Eliot na riwaya ya The Mill on the Floss

Mwezi wa tano mwaka 1857 mwanamke mmoja wa miaka 37, akiwa kisiwani Jersey, alikaa akamwandikia kaka yake barua. Akamwambia najua utashangaa ila natumai hutohuzunika, nimebadilisha jina na sasa nina mtu wa kuniangalia hapa duniani, na ile hela yangu ya urithi wa baba naomba kuanzia sasa uiingize kwenye akaunti ya benki ya mume wangu. Barua ya upole kabisa. Kaka hakujibu. Aliyejibu ni wakili wa familia, na alichotaka kujua ni kitu kimoja tu, mlifunga ndoa lini na wapi?

Ndoa haikuwepo. Mwanamke akajibu ukweli wake bila kuzunguka, kwamba kisheria hatujaoana ila sisi wenyewe tunaihesabu kua ni ndoa takatifu, na kuanzia hapo kaka akakata mawasiliano, hakuandika tena hata mstari mmoja mpaka mwaka 1880. Miaka 23.

Kaka anaitwa Isaac Evans. Dada ni Mary Ann Evans, na kama jina hilo halikukai kichwani basi utamjua kwa jina la vitabuni, George Eliot, yule yule wa Adam Bede, Silas Marner na Middlemarch. Mi leo nataka tukae na The Mill on the Floss cha mwaka 1860, hadithi ya Maggie na kaka yake Tom, watoto wa mwenye kinu kando ya mto Floss, kwasababu hicho ndo watu hukikimbilia wakitaka kuonyesha maisha ya mwandishi yanavyoingia kwenye riwaya, na mara nyingi wanamaliza kwa haraka sana, Maggie ni Mary Ann, Tom ni Isaac, basi imeisha. Haijaisha. Zile sehemu alizobadilisha zinasema mengi kuliko zile alizochukua kama zilivyo, na huko ndo nataka twende.

Kwanza kwao. Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1819 karibu na mji wa Nuneaton, wilaya ya Warwickshire, katikati ya Uingereza. Baba, Robert Evans, alianza maisha kama seremala akapanda mpaka akawa msimamizi wa ardhi yote ya ukoo wa Newdigate, mtu ambae alikua anaweza kuutazama mti ukiwa bado umesimama akakwambia utatoa mbao kiasi gani. Mary Ann akiwa mchanga wa miezi wakahamia nyumba inayoitwa Griff, nyumba ya shamba yenye dari kubwa juu na mfereji wa matishali ya makaa unaopita jirani, na huko ndo alikokulia akimfuata Isaac kama mkia. Isaac alikua amemzidi miaka mitatu. Kwa mtoto wa kike wa miaka minne, kaka wa miaka saba ndo dunia yenyewe, yeye ndo anajua samaki wako wapi, yeye ndo anaamua leo tunacheza nini na nani kakosea.

Kuna picha moja imemkaa mwandishi huyu maisha yake yote. Kaka anamwachia mshipi aushike, anamwonya tishali likija uutoe haraka majini, kisha anaondoka kidogo. Mtoto anaanza kuota mchana kweupe, anaangalia mawingu, anasahau kila kitu, mara tishali hilo hapo! Anauvuta mshipi kwa hofu akijua leo nitagombezwa, kumbe kwenye ndoana kuna samaki. Kaka badala ya kugomba anamsifu. Hilo tukio ameliweka kwenye mashairi 11 aliyoyaita Brother and Sister, aliyaandika mwaka 1869 akiwa anakaribia miaka 50. Sasa fungua The Mill on the Floss, Maggie na Tom wako kwenye bwawa wanavua, Tom anamwita Maggie kwa kunong'ona, Maggie anadhani kaharibu kitu kama kawaida yake, kumbe mshipi wake umeshika samaki mzuri na Tom amefurahi. Unaona kinachorudi sio samaki. Kinachorudi ni ile sekunde moja ya kujiandaa kulaumiwa, halafu lawama haiji. Mtu anayekumbuka hivyo utoto wake ni mtu aliyelaumiwa mara nyingi.

Isaac alipopewa farasi mdogo wa kupanda, dada akasahaulika. Akapelekwa shule ya bweni akiwa na miaka mitano tu, wakaanza kuonana likizo kwa likizo, na likizo kwa likizo kaka akawa mkubwa zaidi na mbali zaidi.

Mama alifariki 1836, Mary Ann ana miaka 16. Dada yake Chrissey alipoolewa mwaka uliofuata, nyumba nzima ikamwangukia yeye, kusimamia siagi, kutengeneza jibini, kumhudumia baba, na huku usiku anasoma Kijerumani na Kiitaliano. Watu waliomjua ukubwani walisimulia kwamba mkono wake mmoja ulikua mpana kuliko mwingine na mwenyewe alisema ni kwa ajili ya ile kazi ya siagi. Ukisoma maelezo ya chumba cha maziwa kwenye Adam Bede, ule ubaridi wake na harufu yake na yale mabamba meupe ya siagi, unajua huyu hakuhadithiwa.

Halafu ikaja ishu ya kanisa. Tarehe 2 Januari 1842, akiwa amehamia na baba karibu na Coventry, akakataa kwenda ibadani. Alikua ameshasoma vya kutosha kuacha kuamini, na akaona kwenda kukaa kwenye benchi kwa ajili ya macho ya watu ni uongo. Baba akakasirika kiasi cha kutaka kuiachia ile nyumba kabisa, Mary Ann akapelekwa kwa Isaac huko Griff wiki kadhaa watu wapoe, na baadae wakapatana kwamba ataenda kanisani ila akilini mwake awaze anachotaka. Isaac yeye shida yake ilikua nyingine, alilalamika kwamba dada yake kwa marafiki aliokua nao, watu wa mawazo ya kimapinduzi, hatopata mume. Hilo ulikumbuke maana litarudi.

Akamuuguza baba mpaka alipofariki mwisho wa Mei 1849. Jioni alikua anamsomea riwaya za Walter Scott kwa sauti, mzee alizipenda. Wosia uliposomwa, zile riwaya za Scott akapewa Fanny, dada yao wa baba mmoja. Mary Ann aliachiwa pauni 2,000 zilizofungiwa kwenye amana na riba yake ilikua inapitia mikononi mwa Isaac. Mi kila nikifika hapa kwenye maisha yake nasimama kidogo, kwasababu hakuna aliyemdhulumu, wosia wa haki tu, ila vitabu vile sauti iliyovisoma ilikua yake.

London alifika 1851, akawa ndo mhariri hasa wa jarida la Westminster Review ila jina lake halikuandikwa popote. Huko akakutana na George Henry Lewes, mwandishi mwenzake, mcheshi, mume wa mtu. Na hapa panahitaji kufafanuliwa vizuri maana wengi hupachanganya. Mke wa Lewes, Agnes, alikua anazaa na rafiki wa Lewes anayeitwa Thornton Hunt, Lewes anajua, na mtoto wa kwanza alipozaliwa Lewes akamwandikisha kwa jina lake mwenyewe. Alifanya kwa ubinadamu, kumlinda mtoto, lakini kisheria alikua ameshajifunga, kwasababu mume aliyeridhia zinaa ya mkewe hawezi tena kuitumia kuombea talaka. Na talaka yenyewe enzi hizo, kabla ya sheria mpya ya 1857, ilihitaji sheria maalumu ipitishwe na bunge, kitu cha matajiri. Kwahiyo mlango ulifungwa. Julai 1854 wakaondoka wawili kwenda Weimar, Ujerumani, waliporudi wakaishi kama mke na mume, na baadae hela za riwaya zake ndo zikawa zinasaidia kumlisha Agnes na watoto wake.

Kwao hakusema kitu kwa karibu miaka mitatu. Halafu ndo ile barua ya Jersey.

Isaac hakuishia kususa peke yake, aliwashawishi na dada zao nao wakate. Chrissey, mjane mwenye watoto wengi, akatii. Mwanzoni mwa 1859, akiwa anakufa kwa kifua kikuu, Chrissey alimwandikia dada yake kwamba anajuta kumwacha kimya, na mwezi wa tatu akafariki. Angalia sasa tarehe. Adam Bede kilitoka Februari 1859. The Mill on the Floss aliianza miezi hiyo hiyo na ikatoka Aprili 1860. Yaani kitabu cha kaka anayemfungia dada mlango kiliandikwa na mwanamke aliyetoka kupokea barua ya majuto ya ndugu aliyelala kitanda cha mauti. Kimya cha Isaac hakikua jeraha la zamani, kilikua mwaka wa pili.

Na hii inajibu pia kwanini jina la kiume. Sababu zinazotajwa siku zote ni kwamba alitaka asomwe kwa uzito na sio kama vitabu vya wanawake, ni kweli, ila mwaka 1857 alipoanza kulitumia tayari jina la Marian Evans, ndivyo alivyojiita huko, lilikua limechafuka London, mwanamke anayeishi na mume wa mtu, wanaume wanaalikwa chakula na Lewes, yeye haalikwi. George ni jina la Lewes. Eliot alilipenda tu kwasababu linajaa mdomoni na ni rahisi kutamka.

Watu wa Nuneaton walijitambua vitabuni mapema. Vitabu vya mwanzo vilipotoka wakaanza kupeana orodha, mchungaji huyu ni fulani, mzee huyu ni fulani, na wakamtafutia mpaka mwandishi, bwana mmoja wa huko huko aitwae Liggins, ambae wala hakuandika. Yeye Mary Ann hii tabia ilimuumiza. Alikubali kwamba Adam Bede amechukua mambo ya ujana wa baba yake, na kwamba hadithi ya Hetty, msichana wa humo anayeshtakiwa kumuua mtoto wake, ilitokana na kitu alichosimuliwa na mke wa baba yake mdogo, mhubiri wa Kimethodisti aliyekesha gerezani na msichana aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto wake, ila akasisitiza kwamba Adam sio baba yangu wala Dinah, yule mhubiri wa kitabuni, sio mama yangu mdogo. Na inasimuliwa kwamba miaka mingi baadae, alipoulizwa yule mzee mkavu Casaubon wa Middlemarch kamtoa kwa nani, akajinyooshea kidole kifuani.

Kwahiyo turudi kwa Maggie. Alichobadilisha cha kwanza ni kosa. Mary Ann alienda Ujerumani na Lewes na hakurudi nyuma, na hakujuta. Maggie anapanda mashua na Stephen, mchumba wa binamu yake, mkondo unawachukua mbali, wanalala usiku mmoja kwenye meli yenye watu, asubuhi Maggie anasema hapana, siwezi kujenga furaha yangu juu ya maumivu ya mwingine, anageuza kurudi nyumbani hajaguswa. Baadhi ya wasomaji wanaona hapo mwandishi aliogopa. Mi naona tofauti. Angeandika kisa chake kama kilivyokua, msomaji wa 1860 angesimama upande wa Tom kabla hajamaliza ukurasa. Kwa kumfanya Maggie asiwe na hatia, akabakiza swali moja tu mezani bila pa kujificha, je kaka atamsikiliza kwanza?

Tom hamsikilizi. Maggie anafika kinuni, nyumbani kwao, Tom anamwambia hapa kwangu huna nyumba, ukiwa na shida ya hela nitakupa, ila chini ya paa langu huingii. Ona hiyo hela. Isaac nae miaka yote hiyo hakumnyima riba yake, hakua mwizi. Huyo ndo mtu aliyemjua, kaka mwadilifu asiyedaiwa na mtu, na ndo maana Tom wa kitabuni sio mbaya, ni kijana aliyeacha shule baba alipofilisika akafanya kazi kama punda mpaka akalipa madeni yote ya mzee. Kumwandikia haki mtu anayekufungia mlango, tena akiwa bado amekufungia, sijui wangapi wanaliweza.

Na hapo hapo getini kuna kitu kidogo ambacho wengi wanakipita. Mama yao, mwanamke mlalamishi ambae kitabu kizima anawaza mashuka na vyombo vyake na anavyochekwa na dada zake, anatoka mbele na kusema mwanangu, nitaenda na wewe, mama unae. Mary Ann mama hakua nae tangu miaka 16. Hicho alimpa Maggie kwa mkono wake.

Kisha mji unaanza kusema. Mwandishi anaeleza kwa utulivu mkali kwamba lau Maggie angerudi baada ya miezi michache akiwa ameolewa na yule Stephen, na nguo zake mpya za bibi harusi, mji ungemsamehe, tena ungesema mapenzi hayo jamani, vijana hawa. Kwakua amerudi bila mume, ni malaya. Yaani aliyeshinda kishawishi ndo analaaniwa, na ambae angeshindwa akapata cheti angepongezwa. Hiyo sura ikumbuke.

Mabadiliko ya mwisho ni maji. Kwao Griff hakukua na mto wa kuzamisha mji, na yeye gharika ilikua kichwani tangu mwanzo, Januari 1859 alikua tayari anachimba kumbukumbu za mafuriko kwenye vitabu vya zamani, kabla hata kitabu hakijapata umbo. Akazunguka na Lewes kutafuta mto, mwishowe Septemba wakafika Gainsborough kwenye mto Trent, ambako maji ya bahari yanapanda na kushuka, akaipata sehemu yake. Kwahiyo utoto ni wa Griff, dari ni ya Griff, wale mama wakubwa na mama wadogo wakali wanafanana na ndugu za mama yake, ila mto umetolewa kwingine makusudi kwasababu bila mto mwisho wake haupo.

Na mwisho ni huu, usiku wa mafuriko Maggie anapiga makasia peke yake mpaka kinuni, Tom anashuka kutoka darini mpaka dirisha lililo usawa wa mashua anaingia, wanabaki wawili katikati ya maji, Tom anamwangalia, anaelewa, na kitu pekee kinachomtoka mdomoni ni jina la utotoni, Magsie. Dakika chache baadae mabaki makubwa ya mitambo ya mbao yanayoelea yanawafunika, wanazama wamekumbatiana. Wahakiki tangu zamani wanasema mwisho huu umelazimishwa na kiufundi nakubaliana nao, gharika inakuja kama imeitwa. Lakini imeitwa kweli. Mwandishi hakua na njia nyingine ya kumfanya kaka aseme lile jina. Alijaribu barua, akajibiwa na wakili.

Miaka ikaenda. Yale mashairi 11 ya utotoni aliyaandika Julai 1869, nyumbani akiwa anamuuguza Thornie, mtoto wa kiume wa Lewes aliyerudi kutoka Natal akiwa mgonjwa wa uti wa mgongo, na aliyefariki Oktoba. Katikati ya ugonjwa huo akarudi kwenye mfereji na mshipi na kaka wa miaka saba. Middlemarch ikatoka, akawa mwandishi anayeheshimiwa kuliko wote Uingereza, hata watoto wa Malkia wakaomba kukutana nae. Isaac kimya. Lewes akafariki Novemba 1878, Isaac kimya. Sisi tunasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, ila shamba hili lililimwa likavunwa likalimwa tena.

Tarehe 6 Mei 1880 akaolewa kanisani, London, na John Cross, ambae yeye Mary Ann alimzidi miaka 20. Ndoa halali, cheti kipo. Tarehe 17 Mei, siku kumi na moja baadae, Isaac akaandika. Akasema anafurahi kupata nafasi hii ya kuuvunja ukimya wa muda mrefu, akawatakia heri. Lewes hakumtaja.

Rudi sasa kwenye ile sura ya mji unaosema. Aliiandika miaka 20 kabla.

Majibu yake aliyatuma akiwa Italia kwenye fungate. Hakumkumbusha wakili, hakumkumbusha Chrissey. Alimwambia kwamba maneno yake yamempa furaha kubwa, na kwamba ukimya wote ule haukuwahi kuyavunja mapenzi aliyokua nayo kwake tangu walipokua wadogo.

Alifariki Desemba 22 mwaka huo huo. Wakazika Highgate tarehe 29, na Isaac, mzee wa miaka 64, alisafiri kutoka Warwickshire akasimama na wafiwa. Kaburi lilikua limechimbwa pembeni ya la Lewes.